Oktoba ya Blue Jays: kutoka Seattle hadi Toronto, 2025

Nimeyapanga haya nikiwa nimerudi nyumbani Surrey, British Columbia, kutokana na daftari nililokuwa nikiandika kila usiku na picha zilizojaa katika simu ya mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha besiboli na kunisihi tuifuate Toronto Blue Jays katika hatua ya mtoano. Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, inatosha kujua kwamba kila timu hupata awamu tisa za kupiga, kila moja ikiisha wapigaji watatu wakitolewa, kwamba anayeupiga mpira ukavuka uzio huwa amepata homurani na kurudi nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji, pamoja na wenzake wote waliosimama kwenye besi, vile vituo vitatu vya kukimbilia, na kila anayerudi huhesabiwa mkimbio, yaani pointi moja, na kwamba hatua mbili za mwisho kila moja huchezwa hadi timu moja ishinde mara nne. Jambo hili la mwisho ndilo linaloifanya ifuatwe kwa safari. Mechi moja ya fainali unaweza kuitazama sebuleni ukaimaliza, lakini mashindano yanayoweza kufika siku ya saba, katika miji miwili iliyo mbali, yanakutaka uhame nayo.

Tangu Montreal ilipoipoteza timu yake mwishoni mwa msimu wa 2004, ikahamia Washington, Blue Jays imebaki timu pekee ya ligi kuu nchini Kanada, na ilikuwa haijafika fainali tangu ilipotwaa ubingwa mwaka 1992 na 1993. Sisi wa magharibi tuko karibu zaidi na Seattle kuliko na Toronto yenyewe, kwa hiyo Seattle Mariners walipopangwa nasi katika nusu fainali ya American League, uamuzi ulikuwa mwepesi.

Jumanne, 14 Oktoba: Vancouver hadi Seattle

Treni ya Amtrak Cascades huondoka kituo cha Pacific Central alfajiri, na abiria hutakiwa wafike mapema kwa sababu maafisa wa uhamiaji wa Marekani hukagua hati hapo hapo kituoni kabla hamjapanda. Tulilipa dola 46 za Marekani kila mmoja. Mimi nina pasipoti ya Kanada, lakini mpwa wangu bado anasafiri kwa pasipoti ya Kenya pamoja na kadi ya ukaazi wa kudumu, na afisa alimweka dirishani kwa muda mrefu akimuuliza anakwenda kufanya nini. Kijana akajibu kwa heshima kwamba anakwenda kutazama nusu fainali. Afisa, bila kuinua macho, akamwambia kwamba Toronto imekwisha fungwa mara mbili nyumbani kwake, kisha akapiga muhuri.

Ni kweli. Tulikuwa tumefungwa 3–1 na 10–3, na mabehewa yalijaa watu waliovaa jezi za buluu ambao hakuna aliyethubutu kutabiri ushindi. Isitoshe, mwaka huo Wakanada wengi walikuwa wamepunguza safari za kwenda kusini kwa sababu ya mvutano wa ushuru kati ya nchi hizi mbili, na mama mmoja aliyekaa mkabala nasi alisema kwamba hakuwa amevuka mpaka tangu mwaka uanze, ila kwa hili ameshindwa kujizuia.

Reli inapita ukingoni mwa bahari kuanzia White Rock, na baada ya Bellingham maji hurudi tena karibu na dirisha kiasi cha kuwahesabu ndege walio kwenye miamba. Kaa upande wa kulia ukielekea kusini. Karibu na Mount Vernon tulisimamishwa kuipisha treni ya mizigo, tukapoteza zaidi ya saa moja, na hapo ndipo yule mama alipofungua kikapu chake na kutugawia mikate ya jibini na tufaha, akisema kwamba mashabiki hawapaswi kuingia katika mji wa wapinzani na njaa.

Kwa atakayefuata njia hii: kituo cha King Street kiko mwendo wa miguu wa robo saa tu hadi uwanja wa T-Mobile Park, lakini hoteli za jirani zilikuwa na bei isiyosemeka. Tulilala Tukwila, kusini mwa mji, kwa dola 139 kwa usiku, na treni ya mjini ilituchukua hadi kituo cha Stadium kwa dola 3. Mwenye pasipoti ya Kenya anayeishi Kanada akumbuke kwamba ukaazi wa kudumu haumwondolei haja ya visa ya Marekani, na visa hiyo hutafutwa mapema, wala si baada ya timu kufuzu.

Jumatano, 15 Oktoba: mechi ya tatu

Tiketi zetu, za ghorofa ya juu kabisa, zilitugharimu dola 270 za Marekani kila mmoja pamoja na ada za wauzaji wa mtandaoni. Uwanja huo una jambo jema ambalo ningependa viwanja vyote viige: unaruhusiwa kuingia na chakula chako, ilmradi mfuko uwe wa plastiki inayoonyesha. Nje ya mageti, katika barabara ya Occidental, wauzaji hupanga karanga na soseji zenye vitunguu vya kukaanga. Tuliuliza zilizo za nyama ya ng'ombe iliyochinjwa kihalali, tukaelekezwa kwenye toroli moja mwishoni mwa foleni, na mwenye toroli, Msomali aliyekulia Mombasa, akanijibu kwa Kiswahili cha Kisauni hata nikasahau nilikuwa wapi. Alikataa fedha ya soseji ya pili.

Paa la uwanja huu hufunika bila kuziba pembeni, kwa hiyo baridi ya usiku huingia yote. Tulikaa karibu na mzee wa Seattle aliyekuwa na kadi ya karatasi na penseli, akiandika kila mrusho kwa alama ndogo ndogo. Alitueleza kwamba Mariners na Blue Jays zilianza kucheza mwaka mmoja, 1977, na kwamba alikuwa amesubiri tangu mwaka huo. Timu yake ndiyo pekee katika ligi nzima ambayo haijawahi kufika fainali ya World Series. Hakulisema hilo kwa kulalamika.

Awamu ya kwanza Julio Rodríguez aliupiga mpira ukavuka uzio na Seattle wakapata mikimbio miwili, nao uwanja ukatikisika. Mpwa wangu aliniinamia akasema, “Shangazi, tumekwisha.” Katika awamu ya tatu Andrés Giménez, mchezaji asiyetegemewa kwa mapigo makubwa, akasawazisha kwa homurani yake, na baada ya hapo mambo yakageuka kiasi ambacho mzee alishindwa kupata nafasi ya kuandika kwenye kadi yake. Homurani tano za Toronto kwa jumla, Vladimir Guerrero Jr. akipiga vizuri mara nne, na matokeo ya 13–4. Wenyeji walianza kuondoka mapema, nasi Wakanada tukasogea chini kwenye viti vilivyoachwa wazi, tukaimba wimbo wa taifa pasipo mtu kutuongoza. Mzee hakuondoka. Alipoona mpwa wangu anatetemeka, alimfunika bega kwa blanketi lake, na mwisho wa mchezo wakapeana namba za simu ili amtumie picha ya ile kadi.

Alhamisi, 16 Oktoba: Kent

Hatukununua tiketi ya mechi ya nne. Kusini mwa Seattle, katika miji ya Kent na Tacoma, wanaishi Wakenya wengi, na tulikwenda kutazama katika mkahawa wa mama mmoja kutoka Nakuru, ambaye aliweka televisheni mbili: moja ya besiboli na nyingine ya marudio ya ligi ya Uingereza. Sahani ya ugali, sukuma wiki, mbuzi wa kuchoma na kachumbari ilikuwa dola 22. Wateja wengi walikuwa upande wa Seattle, kwa kuwa ndio mji unaowalisha, lakini walitupa meza ya mbele.

Max Scherzer ndiye aliyerusha kwa upande wetu, akiwa na umri wa miaka 41, umri ambao warushaji wengi wamekwisha staafu. Katika awamu ya tano kocha John Schneider alitoka kwenda kumtoa, naye Scherzer akamfokea kwa ukali ulioonekana hata bila sauti ya televisheni, hadi kocha akageuka na kurudi alikotoka. Mkahawa mzima ulicheka na kushangilia, hata wafuasi wa Seattle. Josh Naylor aliifungia Seattle kwa homurani, naye ni mzaliwa wa Mississauga, jirani kabisa na Toronto, jambo ambalo mpwa wangu aliliona kama usaliti na mimi nikaliona kama riziki. Tulishinda 8–2.

Ijumaa, 17 Oktoba: nje ya mageti

Mechi ya tano ilianza alasiri, saa tisa na dakika chache. Bei za tiketi zilikuwa zimepanda tena, nasi tukaamua kukaa nje, kwenye ngazi za upande wa kaskazini, pamoja na mamia ya watu waliokuwa na simu na redio. Picha za simu huchelewa kwa nusu dakika hivi, kwa hiyo ulikuwa unausikia mngurumo wa uwanja kwanza, kisha unasubiri simu ikuambie kilichotokea. Hadi awamu ya nane tulikuwa mbele 2–1. Ukaja mngurumo wa kwanza: Cal Raleigh, mdakaji ambaye msimu huo alikuwa amepiga homurani 60, amesawazisha. Kisha ukaja mngurumo wa pili, ambao sijawahi kuusikia mfano wake, kama gharika inayobomoa ukuta. Eugenio Suárez alikuwa amepiga homurani besi zote tatu zikiwa zimejaa. Tulijua kwamba tumefungwa kabla hatujaona, na kwa nusu dakika ile watu wa jezi za buluu walikaa wakizikodolea macho simu zilizoonyesha mchezo ambao bado tulikuwa tunaongoza.

Matokeo yalikuwa 6–2, na Seattle wakahitaji ushindi mmoja tu. George Springer wetu alipigwa na mpira gotini akatolewa. Kijana mmoja wa Seattle, aliyekuwa amechoma mahindi kwenye jiko la mkaa kwa ajili ya rafiki zake, alikuja kutupa mahindi mawili na kutuambia tusafiri salama.

Jumamosi, 18 Oktoba: mpakani na uwanja wa ndege

Tulirudi kwa basi linalofika hadi uwanja wa ndege wa Vancouver, dola 62, na foleni ya mpakani ilikula saa moja na nusu. Ndege ya saa nne usiku iliahirishwa mara mbili, ikaondoka saa tisa za alfajiri. Familia moja kutoka Kelowna, baba, mama na binti watatu, walikuwa wanakwenda Toronto kwa sababu ile ile. Walitandika makoti sakafuni na kutukaribisha, na binti mdogo akampa mpwa wangu kitabu chake cha kupaka rangi ili asichoke.

Jumapili, 19 Oktoba: Scarborough

Dada yangu mkubwa na shemeji wanaishi Scarborough, mashariki mwa Toronto, na wao ndio waliotuwezesha kukaa muda wote ule; bila nyumba yao safari ingeishia Seattle. Asiyepokelewa na ndugu atumie treni ya UP Express kutoka uwanja wa ndege wa Pearson, ambayo humfikisha Union Station kwa dakika 25, na kutoka hapo hadi Rogers Centre, chini ya mnara wa CN Tower, ni mwendo wa dakika kumi kupitia ujia uliofunikwa.

Jioni Toronto walishinda 6–2 na kusawazisha. Aliyerusha alikuwa Trey Yesavage, kijana wa miaka 22 ambaye mwanzoni mwa mwaka huo huo alikuwa katika ngazi ya chini ya timu za kulelea wachezaji. Nililala nikiwa nimekaa, kwa uchovu, na haya niliyajua asubuhi.

Jumatatu, 20 Oktoba: mechi ya saba

Hii ndiyo siku niliyoitolea fedha bila kinyongo. Tulipata tiketi za ngazi ya 500, juu kabisa, kwa dola 395 za Kanada kila moja, baada ya shemeji kukaa na simu tangu alfajiri akifuatilia bei zikipanda na kushuka. Uwanja huu nao unaruhusu chakula kutoka nyumbani, na dada alitufungia sambusa na maandazi katika karatasi ya bati.

Hadi awamu ya saba tulikuwa nyuma 3–1. Watu wa ngazi ya 500 walikuwa wamenyamaza kwa namna ambayo sikuitegemea kutoka kwa umati wa zaidi ya watu elfu arobaini. Addison Barger akapata besi, Isiah Kiner-Falefa akampitisha mbele, Giménez akausogeza mpira kwa kuugusa tu ili wenzake wasonge, na akaja Springer, ambaye siku tatu nyuma alikuwa ametolewa akichechemea. Upande wa Seattle, mrushaji wao bora wa mwisho, Andrés Muñoz, aliachwa benchi la akiba, uamuzi ambao utazungumzwa katika mji ule kwa miaka mingi. Springer aliupiga mpira kuelekea uwanja wa kushoto. Kutoka juu tulikokuwa tuliuona ukipaa, ukaelea, ukaanguka nyuma ya uzio. Nilikumbatiwa na watu wanne ambao sijawahi kuwaona wala sitawaona tena, na mmoja wao, bibi mwenye nywele nyeupe, aliniambia kwamba alikuwa katika uwanja huu huu tarehe 23 Oktoba 1993, usiku Joe Carter alipoumaliza mchuano kwa homurani, na kwamba aliamini hataishi kuona tena.

4–3. Jeff Hoffman akamtoa Julio Rodríguez kwa strike tatu, yaani mirusho mitatu iliyomshinda kupiga, nasi tukaenda fainali.

Tulipofika barabarani, simu ya mpwa wangu ilikuwa na ujumbe wa mzee wa Seattle: picha ya kadi ya mechi hiyo, iliyoandikwa hadi mrusho wa mwisho kwa mwandiko ule ule mzuri, na maneno ya kututakia ubingwa. Kijana aliusoma mara kadhaa. Akaniuliza ajibu nini. Nikamwambia ashukuru tu, asiongeze neno.

Ijumaa na Jumamosi, 24–25 Oktoba: World Series yaanza

Siku zilizofuata nilizitumia kwa kazi yangu ya hesabu kupitia kompyuta, naye mpwa wangu kwa masomo yake. Tulipofungua ukurasa wa tiketi za fainali dhidi ya Los Angeles Dodgers, ile ya bei ya chini ilizidi dola elfu moja na mia tano kwa mtu mmoja, nasi tukaufunga. Kuanzia hapo tulitazama katika mikahawa ya barabara ya Front na mitaa ya karibu, na ninamshauri msafiri asijionee huruma kwa jambo hilo: fika mapema, muda wa saa nne kabla ya mchezo, agiza chakula kidogo kidogo, na mwachie mhudumu bahashishi ya kutosha, kwa kuwa meza unayoikalia ndiyo mshahara wake wa usiku huo. Sisi tulitumia kati ya dola 40 na 55 kwa usiku.

Katika foleni tulikutana na vijana wawili wa Bukavu waliokuja kwa basi kutoka Montréal, wamevaa kofia za zamani za Expos, timu waliyokuta mji umekwisha ipoteza. Waliposikia tunavyosemezana wakageuka na kuniita Mama, na tangu hapo tulikaa meza moja. Walisema kwamba wazee wa Montréal ndio waliowapa kofia zile, na kwamba wengi wao walikuwa wameapa kutoishangilia Toronto, lakini mwezi huu kiapo kimewashinda.

Ijumaa Blue Jays walipata mikimbio tisa katika awamu moja, ya sita. Barger, ambaye usiku uliotangulia alilala kwenye kochi la mchezaji mwenzake hotelini, aliingizwa kupiga badala ya mwingine na akapiga homurani besi zikiwa zimejaa. Katika historia ya World Series hakuna mchezaji wa akiba aliyewahi kufanya hivyo. Ikaisha 11–4. Jumamosi Yoshinobu Yamamoto wa Dodgers alirusha awamu zote tisa peke yake, nasi tukafungwa 5–1. Vijana wa Bukavu walirejea Montréal kwa basi la usiku.

Jumatatu, 27 Oktoba: usiku wa awamu kumi na nane

Mechi tatu zilizofuata zilichezwa Los Angeles, nasi tukatazama nyumbani kwa dada. Mechi ilianza saa mbili za usiku. Ilipofika awamu ya tisa ikiwa 5–5, dada alikwenda kulala. Awamu ya kumi na mbili alirudi, akatia maji ya chai jikoni, akaweka tangawizi na iliki, na kufikia awamu ya kumi na nne jirani wa ghorofa ya juu, Mganda ambaye naye alikuwa macho, aligonga mlango kwa kuwa alisikia tukiguna pamoja naye kila mrusho.

Jirani huyu anaupenda mchezo huu kuliko sisi sote, kwa sababu kwao una mizizi. Alitukumbusha timu ya watoto wa Lugazi iliyokwenda Pennsylvania mwaka 2012 kwenye Little League World Series, na vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, waliosajiliwa na hao hao Dodgers mwaka 2022 katika timu zao za kulelea vipaji. Shemeji akamjibu kwa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa bara letu kucheza ligi kuu, mwaka 2017, ambaye mwaka uliofuata aliivaa jezi ya Blue Jays. Kwa muda, televisheni ikawa inacheza peke yake.

Shohei Ohtani wa Dodgers alifika kwenye besi mara tisa usiku ule. Alipiga homurani mbili, na baada ya hapo Toronto wakaamua kumpa besi ya bure kuliko kumrushia, na kila mara alipotembea kwenda kwenye besi shemeji alisema, “Hiyo ni busara, lakini ni busara ya mwenye hofu.” Dodgers walikuwa wamebakiwa na mrushaji ambaye hakuna aliyemjua, Will Klein, naye akarusha awamu nne bila kufungwa. Saa tisa kasoro dakika kumi, usiku mkubwa, Freddie Freeman wao akaupiga mpira ukavuka uzio wa katikati. 6–5. Ilikuwa imechukua zaidi ya saa sita na nusu, na idadi ya awamu ililingana na rekodi ya fainali iliyowekwa mwaka 2018. Shemeji, ambaye ni dereva wa basi, alioga akaenda kazini bila kulala.

Nilidhani kipigo cha namna hiyo kingewavunja. Usiku uliofuata walishinda 6–2, na Jumatano wakashinda tena 6–1. Davis Schneider na Guerrero walipiga homurani mbili katika mirusho mitatu ya kwanza, na yule kijana Yesavage akawatoa wapigaji kumi na wawili kwa strike tatu tatu, rekodi kwa mchezaji mpya katika fainali. Ushindi mmoja ukabaki.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mji ulikuwa umejaa watoto waliovaa mavazi ya kutisha ya sikukuu ya Halloween, wengi wao wakiwa wamevaa jezi juu yake. Tulikuwa nyuma 3–1 katika awamu ya tisa, mtu mmoja kwenye besi, Barger akaupiga mpira hadi chini ya uzio wa uwanja wa kushoto, nao ukakwama. Ukikwama hivyo, sheria huwasimamisha wakimbiaji, na mkimbio ambao ungeingia haukuingia. Bado tulikuwa na watu wawili kwenye besi na hakuna aliyetolewa. Mmoja akatolewa, kisha Kiké Hernández wa Dodgers akaudaka mpira akikimbia mbele na kuurusha besi ya pili kabla Barger hajarudi, na mchezo ukaisha papo hapo.

Jumamosi, 1 Novemba

Tulijipanga foleni saa nane mchana. Vijana wa Bukavu walikuwa wamerudi, safari hii pamoja na mzee wa Montréal aliyewapa kofia. Awamu ya tatu Bo Bichette, aliyekuwa anacheza na goti bovu, alimpiga Ohtani, ambaye siku hiyo alikuwa pia mrushaji, homurani ya mikimbio mitatu, na mkahawa ukawa hauna mahali pa kukanyaga. Hadi awamu ya tisa tulikuwa mbele 4–3, na yalibaki matoleo mawili tu ya kuwa mabingwa. Miguel Rojas wa Dodgers, mchezaji wa ulinzi wa miaka 36 ambaye hakuna aliyemwogopa, akasawazisha kwa homurani.

Zamu yetu ya kupiga katika awamu hiyo hiyo ndiyo nitakayoikumbuka daima. Besi zilijaa, mmoja ametolewa, Daulton Varsho akaupiga mpira ardhini, Rojas huyo huyo akauokota akiyumba na kuurusha nyumbani, na Kiner-Falefa akafika akiwa amechelewa kwa kiasi cha kidole. Kisha Ernie Clement akaupiga mbali, na Andy Pages akamparamia mwenzake na kuudaka. Awamu ya kumi na moja Will Smith akapiga homurani, 5–4, na Yamamoto, aliyekuwa amerusha mirusho 96 usiku uliotangulia tu, akarudi kuumaliza mchezo na kupata ushindi wake wa tatu. Alistahili tuzo yake. Nalisema hilo kwa moyo mzito, lakini nalisema.

Ilikuwa imepita saa sita za usiku. Mzee wa Montréal alilipa bili ya meza nzima na hakutaka kujadiliana. Barabarani watu walipeana mikono na wachache waliovaa jezi za Dodgers. Treni ya chini ya ardhi hadi Kennedy ilijaa, na usiku ule ule saa zilirudishwa nyuma, kwa hiyo tuliongezewa saa moja ya kutolala.

Jumatatu, 3 Novemba: kurudi

Ndege ya kurudi iliondoka kwa wakati wake. Katika foleni ya usalama pale Pearson tulikutana tena na ile familia ya Kelowna, na baba yao alikuwa na swali moja tu: kwa nini Kiner-Falefa alisimama karibu mno na besi ya tatu kabla Varsho hajapiga? Mpwa wangu alimtetea kwamba ndivyo alivyoagizwa, ili mpira wa moja kwa moja ukidakwa asikamatwe nje ya besi. Baba akasema hatua moja tu ingetosha. Binti mkubwa akachora besi na mistari nyuma ya tiketi yake kuonyesha mdakaji alisimama wapi, abiria wa nyuma yetu wakaingilia, afisa akatuomba tusogee, na mjadala ukaendelea hadi kwenye mlango wa ndege, ambako mhudumu aliyekuwa akikagua tiketi alituambia kwamba yeye angewatuma wote wawili, Varsho na Kiner-Falefa, tena leo hii.